Saa ikigonga tu, rekodi zinavunjika: shida iko wapi?

"Nina kompyuta ya zamani niliyoigeuza kuwa seva ya kurekodi televisheni. Inatumia Linux na MythTV, programu ya kurekodi televisheni, ina prosesa ya kori nne, RAM ya gigabaiti 8, tyuna tatu za antena, na diski moja ya kuzunguka ya terabaiti 4 inayobeba kila kitu: mfumo, hifadhidata na rekodi zenyewe. Tunarekodi kama saa tatu kwa siku. Mwaka wa kwanza ilifanya kazi vizuri kabisa. Sasa, karibu kila usiku, dakika mbili tatu baada ya saa tatu kamili, picha inavunjika vipande vya mraba, sauti inakatika, na menyu inachukua sekunde kumi na zaidi kufunguka. Baada ya robo saa hivi mambo yanatulia. Nikiangalia wastani wa mzigo wa mashine naona 9, lakini prosesa iko karibu tupu. Niliongeza RAM kutoka gigabaiti 4 hadi 8, haikusaidia. Fundi mmoja amenishauri nibadilishe prosesa na bodi. Je, hiyo ndiyo dawa?"

Usinunue prosesa bado. Kwa hayo uliyoyaeleza, kinachoelemewa kwenye mashine yako si prosesa. Ukibadilisha bodi yote kisha ukairudishia diski ileile, jioni ya kwanza saa tatu ikigonga utakutana na picha ileile iliyovunjika.

Naelewa kinachokukera zaidi: umeshatoa pesa kwenye RAM, hukuona tofauti, na sasa unaambiwa utoe nyingine. Ndiyo maana nitakueleza kwanza kinachotokea ndani ya mashine, kisha nikwambie cha kufanya. Bahati nzuri swali lako limebeba dalili nne ambazo wengi husahau kuzitaja: seva ilikwenda vizuri mwaka mzima, inasumbua saa inapogonga, inatulia yenyewe, na mzigo ni 9 huku prosesa ikiwa haina kazi. Ukiziweka dalili hizo nne pamoja, zote zinaelekeza mahali pamoja.

Niondoe kwanza dhana ya prosesa. Enzi za televisheni ya analogi, kurekodi ilikuwa kazi nzito kweli. Picha ilifika ikiwa ghafi na ilibidi ibanwe hapohapo, ama na chipu ya kadi ama na prosesa yenyewe. Televisheni ya kidijitali haiko hivyo. Kituo kimeshaibana picha kabla haijafika mnarani. Tyuna yako inapokea mkondo wa biti uliokwisha kutengenezwa, programu inachambua chaneli uliyoitaka, na kuiandika kwenye faili kama ilivyo. Ni sawa na kukinga maji bombani: ndoo haihitaji nguvu yoyote, inahitaji tu isitoke chini ya bomba. Prosesa yako ya kori nne inaweza kurekodi chaneli tatu huku ikisinzia, na ndivyo inavyofanya; umeiona mwenyewe iko tupu.

Sasa hiyo 9. Katika Linux, wastani wa mzigo hauhesabu tu kazi zinazosubiri prosesa. Unahesabu pia kazi zilizokwama katika usingizi usiokatizika, yaani zile zilizoomba kitu diskini na haziwezi kusogea mpaka diski ijibu. Mzigo wa 9 na prosesa tupu maana yake ni kwamba kuna kazi zipatazo tisa zimepanga foleni mbele ya mlango mmoja, na mlango huo ni diski yako. Ukifungua amri ya top wakati wa shida, tazama namba iliyoandikwa "wa" kwenye mstari wa prosesa. Hiyo ni sehemu ya muda ambao prosesa imekaa bure kwa sababu inasubiri diski. Natarajia utaikuta imepanda sana.

Hapa watu hunibishia, na wana sababu. Chaneli moja ya HD ikija kwa megabiti 8 kwa sekunde, hiyo ni megabaiti 1 kwa sekunde, au gigabaiti 3.6 kwa saa. Chaneli tatu ni megabaiti 3 kwa sekunde. Diski ya kawaida ya kuzunguka huandika zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde bila shida. Mzigo wa asilimia 3 unailemeaje?

Unailemea kwa sababu zile megabaiti 100 hupatikana tu kichwa cha diski kinapoandika mfululizo bila kuhama. Diski yenye kasi ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara moja kila milisekunde 8.3. Kila inapoombwa kitu kilicho mahali pengine, mkono husafiri kwanza, kisha husubiri sahani izunguke mpaka sehemu inayotakiwa ipite chini ya kichwa. Kwa wastani safari na kusubiri huchukua milisekunde 12 hivi. Piga hesabu: ni safari 80 hivi kwa sekunde, basi. Kama kila safari inaandika kilobaiti 4 tu za hifadhidata, diski yako inayojivunia megabaiti 100 imegeuka kuwa diski ya kilobaiti 320 kwa sekunde. Diski nyingi za mizunguko 5,400, ambazo ni za kawaida kwenye ukubwa wa terabaiti 4, zina safari chache kuliko hizo. Kwa seva ya kurekodi, hesabu ya safari ndiyo inayotawala, na kwenye boksi la diski haiandikwi.

Twende saa tatu kamili, maana hapo ndipo penye mambo. Rekodi za saa mbili zinafungwa. Rekodi za saa tatu zinafunguliwa, na kwa kuwa watu huacha dakika moja mbili za ziada mwanzo na mwisho, kwa muda kidogo zote mbili zinaandikwa kwa pamoja. Mpangaji wa ratiba anaamka na kuhesabu upya ni kipindi gani kirekodiwe kwenye tyuna ipi, akilinganisha kanuni zako zote na ratiba nzima ya vipindi iliyo kwenye hifadhidata. Rekodi zilizofungwa zinaingia kwenye foleni ya kutafutiwa matangazo ya biashara, kazi inayosoma faili zima tangu mwanzo. Picha ndogo za menyu zinatengenezwa. Na nyumbani kwako, nadhani, ndiyo saa ambayo mtu anakaa kitini na kufungua rekodi. Kila mmoja wa hao anahitaji safari za kichwa kilekile. Robo saa baadaye foleni imekwisha, na mashine inaonekana nzima tena.

Kwa nini basi mwaka wa kwanza hukuliona hili? Gawanya terabaiti 4 kwa gigabaiti 3.6: unapata saa 1,100 hivi za rekodi. Kwa saa tatu kwa siku, diski yako imejaa baada ya mwaka mmoja na siku chache. Nadhani hicho ndicho kilichobadilika. Kabla ya kujaa, seva haikuwa na haja ya kufuta chochote. Sasa kila rekodi mpya inadai nafasi, na MythTV inafuta za zamani yenyewe ili kuipata.

Kufuta faili la gigabaiti kadhaa si jambo dogo kama linavyoonekana. Kwenye mfumo wa faili wa zamani, ext3, diski ililazimika kupitia orodha ndefu ya vipande vyote vya faili kipande kwa kipande, na kila kitu kingine kilisubiri. Ext4, iliyoingia rasmi kwenye Linux mwaka 2008, na XFS, zinahesabu faili kwa mafungu marefu yaliyoungana badala ya kipande kimoja kimoja, kwa hiyo hufuta haraka zaidi. Lakini hata hizo huumia diski ikishajaa, kwa sababu nafasi iliyobaki imekuwa mashimo madogo yaliyotawanyika. Faili jipya linajazwa humo kwa viraka, na siku ya kulisoma au kulifuta, kichwa kinazunguka kiraka kwa kiraka. Tena chaneli tatu zinazoandikwa kwa wakati mmoja husukana kama nywele: kipande cha hii, kipande cha ile, kipande cha nyingine.

Hifadhidata nayo imezeeka pamoja na diski. MythTV huweka kumbukumbu ya mahali penye kila picha kamili ndani ya rekodi, ili uweze kuruka mbele na nyuma. Picha kamili ikija kila sekunde moja, saa moja ya rekodi ina safu 3,600 kwenye jedwali linaloitwa recordedseek. Kwa saa zako 1,100 ni safu milioni 4 hivi. Rekodi inapofutwa, safu zake zote nazo zinafutwa. Hizo ni safari nyingine ndogondogo, kwenye diski ileile, kwenye dakika zilezile.

Picha inavunjika kwa sababu mkondo wa televisheni hausubiri mtu. Barua pepe isipoandikwa sasa itaandikwa baadaye. Kituo hakirudii sekunde iliyopita. Kati ya tyuna na diski kuna bafa, yaani eneo dogo la kumbukumbu ambamo data husubiri kuandikwa. Ile ya Linux yenyewe kwa tyuna ya namna yako ni kama megabaiti 2, yaani sekunde mbili za chaneli moja ya HD. MythTV ina bafa yake juu ya hiyo. Diski ikinyamaza muda mrefu kuliko bafa zinavyoweza kuvumilia, data inayofuata inatupwa, na kipande hicho hakipo tena popote.

Sijaiona mashine yako, kwa hiyo usinisadiki kwa maneno tu. Fanya vipimo vitatu kabla ya kugusa chochote.

Cha kwanza hakihitaji amri yoyote. Chukua rekodi iliyoharibika, uicheze asubuhi seva ikiwa imetulia, kisha rudi nyuma uicheze tena palepale. Kama picha inavunjika sekunde ileile mara zote, uharibifu umo ndani ya faili, na ulitokea wakati wa kurekodi. Kama mara ya pili inapita salama, faili ni zima. Kilichoshindwa ni usomaji, mtandao au kifaa kinachoonyesha. Watu wamenunua antena mpya kwa tatizo la Wi-Fi kwa kuruka kipimo hiki cha dakika mbili.

Cha pili: linganisha rekodi tatu zilizokuwa zikienda kwa pamoja. Kama zote zimevunjika kwenye sekunde ileile, ingawa zinatoka masafa tofauti, mtuhumiwa ni seva. Kama ni zile za masafa fulani tu, seva haina kosa. Nenda kwenye antena na kebo. Mkondo wa televisheni umekatwa katika pakiti za baiti 188, na kila pakiti ina namba ya mfuatano inayohesabu 0 hadi 15 kisha inaanza upya, kwa hiyo programu inajua pakiti inapokosekana. Kuna pia alama ambayo tyuna yenyewe huiweka kwenye pakiti iliyofika ikiwa imeharibika kiasi cha kushindwa kurekebishwa. Ukikuta makosa ya mfuatano pamoja na alama hiyo, mawimbi yalifika mabovu. Ukikuta mfuatano umekatika lakini alama haipo, pakiti zilifika nzima kwenye tyuna na zikapotelea ndani ya nyumba yako. Ukiwa na Tvheadend, programu nyingine ya kurekodi, inaonyesha makosa ya aina hizi mbili kwenye safu tofauti za ukurasa wa hali ya tyuna. Katika MythTV tafuta kwenye kumbukumbu za seva. Na usidanganywe na nguvu ya mawimbi peke yake. Kinachojali ni ubora wake dhidi ya kelele, na mawimbi makali mno kutoka kwenye kikuza mawimbi huharibu picha sawasawa na yale dhaifu.

Cha tatu ni kuitazama diski ikifanya kazi. Sakinisha kifurushi cha sysstat, na dakika tano kabla ya saa tatu andika iostat -x 5. Itakupa mistari mipya kila sekunde tano. Angalia safu za r_await na w_await, ambazo ni milisekunde ambazo ombi moja la kusoma au kuandika limesubiri. Diski iliyotulia hukaa kati ya chache na ishirini hivi. Ukiona mamia, na %util imeganda karibu na 100, mjadala wa prosesa umekwisha. Kwenye dirisha la pili fungua iotop. Itakutajia kwa majina ni nani anayesoma na nani anayeandika.

Ukishathibitisha, anza na yasiyo na gharama. La kwanza ni kazi ya kutafuta matangazo ya biashara. Kwenye mipangilio ya seva, zima chaguo la kuianza rekodi inapoanza, ruhusu kazi moja tu kwa wakati, na weka dirisha lake liwe usiku wa manane, mathalani saa nane hadi saa kumi na moja alfajiri, muda ambao huna rekodi. Utakachopoteza ni kwamba kipindi cha leo hakitakuwa na alama za matangazo mpaka kesho. Kwa maoni yangu ni bei ndogo. Kazi za kubadilisha video kuwa ndogo zihamie huohuo usiku.

La pili: washa ufutaji wa polepole. MythTV ina chaguo la kukata faili kubwa kidogokidogo kutoka mwisho badala ya kulifuta kwa mkupuo, ili rekodi zipate kupumua katikati. Kisha ongeza nafasi inayoachwa wazi. Wengi huacha gigabaiti moja mbili; mimi ningeacha asilimia 10 ya diski, kwako ni kama gigabaiti 400. Najua inauma kupoteza zaidi ya saa 100 za rekodi. Lakini jiulize ni ngapi kati ya hizo 1,100 utakuja kuzitazama.

RAM uliyonunua haikupotea bure. Imekaa tu bila kutumwa. MariaDB, programu inayoendesha hifadhidata, isipoelekezwa hutumia megabaiti 128 za kuhifadhia kurasa zake, hata kwenye mashine yenye RAM nyingi. Pandisha innodb_buffer_pool_size hadi gigabaiti 1, uanzishe upya hifadhidata, na menyu yako inaweza kuchangamka siku hiyohiyo kwa sababu majedwali hayatasomwa diskini kila mara. Angalia kwanza majedwali yako ni ya aina gani. Kama ni ya zamani, MyISAM, kinachopandishwa ni key_buffer_size. MythTV huja pia na hati iitwayo optimize_mythdb.pl ya kukagua na kupanga majedwali. Iweke iende yenyewe kila siku, mbali na saa za kurekodi.

Kuna upande wa RAM usiozungumzwa sana. Linux hukusanya maandishi kwenye RAM kwanza, kisha huyamwaga diskini. Kwa mipangilio ya kawaida huanza kumwaga kwa nguvu yakifika asilimia 10 ya RAM iliyopo, na yakifika asilimia 20 huwazuia waandishi wenyewe. Ukinakili filamu kubwa kwenda kwenye seva kupitia mtandao, RAM nyingi zaidi maana yake ni lundo kubwa zaidi linalosubiri kumwagwa kwa pamoja. Kuweka vm.dirty_background_bytes kuwa 67108864, ambayo ni megabaiti 64, hulazimisha mmwago uanze mapema na uwe mwembamba. Rekodi peke yake haitakusumbua hapa. Kunakili ndiko kunakosumbua.

Utakutana na ushauri wa kuzima vizuizi vya uandishi vya mfumo wa faili, yaani ulinzi unaohakikisha data inafika diskini kwa mpangilio, kwa kuwa "seva inakuwa ya kasi ajabu". Inakuwa ya kasi kweli, mpaka umeme ukatike katikati ya uandishi na mfumo wote wa faili uvurugike. Tafadhali usifanye hivyo. Kuna njia ya kati kwenye hifadhidata: innodb_flush_log_at_trx_commit ikiwekwa 2, umeme ukikatika unaweza kupoteza kama sekunde moja ya mabadiliko ya mwisho, lakini hifadhidata inabaki nzima. Kwa ratiba ya televisheni, hiyo naikubali.

Haya yote ni kupunguza foleni. Tiba yenyewe, kama una uwezo wa kununua kitu kimoja tu, ni diski ndogo ya SSD kwa ajili ya mfumo na hifadhidata, rekodi zibaki kwenye ile kubwa. SSD haina mkono wa kusafiri. Inajibu maelfu ya maombi madogo kwa sekunde mahali ambapo diski yako inajibu 80. Gigabaiti 120 zinatosha kabisa. Nikilinganisha na prosesa na bodi mpya, tofauti utakayoiona haifanani hata kidogo. Usijaribu kuokoa pesa kwa kuweka hifadhidata kwenye kadi ya kumbukumbu au kijiti cha USB. Vingi kati ya hivyo ni polepole mno kwa maandishi madogomadogo, na huchakaa.

Ukipata diski ya pili ya kuzunguka, usikimbilie RAID 5, yaani kuunganisha diski kadhaa ziwe kama moja, huku data ya ukaguzi ikiandikwa pia. Kila andiko dogo humo linaweza kugharimu safari nne: soma data ya zamani, soma ukaguzi wake, andika data mpya, andika ukaguzi mpya. Iongeze tu kama folda ya pili ya rekodi. MythTV itagawa rekodi kati ya diski mbili yenyewe, na kila moja ina mkono wake. Kwa mwenye RAID tayari, jambo moja la haraka: Debian na jamaa zake hukagua safu nzima ya diski Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kama seva yako hukwama siku hiyo tu, umeshampata mhusika.

Kabla ya kununua lolote, hakikisha diski uliyonayo si mgonjwa. Andika smartctl -a na jina la diski, utafute mistari minne. Namba 5 ni sehemu zilizokufa na kuhamishwa, 197 ni sehemu zinazoshukiwa, 198 ni zile zilizoshindwa kusomeka. Zikiwa sifuri, vizuri. Kama 197 inapanda wiki hadi wiki, acha kusoma hapa, nakili rekodi unazozipenda leo. Diski za kompyuta za kawaida zinapokutana na sehemu mbovu hujaribu tena na tena kwa sekunde nyingi, na muda huo wote kila kitu kimesimama. Sehemu moja tu inaweza kukuletea dalili zote ulizonieleza. Namba 199 ni tofauti: ni makosa ya mawasiliano, na mara nyingi tiba ni kebo mpya ya SATA.

Tazama pia modeli ya diski. Kuna diski (huitwa SMR) ambazo njia zake za kuandikia data zimepandana kama vigae vya paa ili data nyingi ziingie kwenye sahani. Kuandika upya kigae kimoja hulazimu kuandika upya jirani zake, kwa hiyo diski huweka kwanza kila kitu kwenye eneo la akiba na kupanga baadaye. Eneo hilo likijaa, kasi huporomoka. Mwaka 2020 watengenezaji wakubwa walikiri hadharani kwamba walikuwa wakiuza baadhi ya modeli hizi bila kuzitaja hivyo, na baada ya hapo wakachapisha orodha. Diski iliyokwenda vizuri mpaka ikajaa, kisha ikaanza kukwama kwenye kufuta na kuandika, inafanana na wewe sana. Ukigundua ni ya aina hiyo, SSD itapunguza maumivu, ila kwa rekodi ningeibadilisha pia.

Menyu ya sekunde kumi nimeshaieleza: ni hifadhidata iliyo kwenye foleni ileile. Lakini kama baada ya haya yote menyu ni nyepesi na picha bado inaganda kwenye televisheni ya sebuleni huku faili likiwa zima, pima mtandao kwa iperf3 saa hiyohiyo ya tatu usiku. Wi-Fi hugawana hewa na majirani, na jioni wote wako nyumbani. Waya wa megabiti 100, hata wa zamani, unapeleka chaneli kadhaa za HD bila kutetereka.

Yapo mambo ambayo sitaki uyafanye peke yako kwa kunisoma mimi. Kama vipimo vimeelekeza kwenye antena iliyo juu ya paa, mwite fundi wa antena mwenye kipimo cha mawimbi. Ngazi na umeme si vya kujifunzia. Kama diski inatoa mlio wa kugonga au kukwaruza, izime mara moja, na kama ina video za familia ambazo hazipo kwingine, usijaribu programu za kuokoa data, mpelekee mtu anayefanya kazi hiyo. Na kama makosa ya 199 yanaendelea baada ya kebo mpya, au mashine inajizima yenyewe mzigo ukipanda, mpe fundi wa kompyuta aipime pawasaplai kwa mkono wake.

Kwa fundi aliyekushauri prosesa, mwonyeshe mistari ya iostat ya saa tatu na dakika tatu, uweke pembeni yake ile ya saa nne. Akiiona atakubaliana nawe, na anaweza hata kukusaidia kuhamisha hifadhidata kwenda SSD. Nakili kwanza hifadhidata nzima kabla ya kuihamisha, na fanya kazi hiyo asubuhi, siku ambayo ratiba yako haina rekodi.